Msaidizi wa Bi Helen

Cebu, 3 Oktoba 2022

Mama yangu,

Shikamoo. Naugusisha mkono wako kwenye paji la uso wangu toka huku ng'ambo ya maji. Mimi mzima, ila mabega, nayo ni mabega ya kila fundi cherehani. Sikio lako vipi? Daktari alisema urudi mwezi wa tisa, na mwezi wa tisa umekwisha. Usidhani sikuhesabu.

Mama, kazi imenizidi. Sikukuu ya Mtoto Mtakatifu ni Januari, lakini wenzetu walioko nje wameanza kuagiza majoho ya kuvika sanamu zake tangu Agosti. Mmoja yuko Milano, sanamu yake ameipima pamoja na viatu, sasa joho limekuwa refu na kosa ni langu. Mwingine yuko Dubai, anataka Mtoto avalishwe kama nesi kwa sababu yeye mwenyewe ni nesi. Sikatai, Yesu ni wa wote. Ila ujumbe unaingia mia na hamsini kwa siku, na kila mmoja unaanza, "Dada, bado upo?" Nipo! Niko cherehanini! Nikijibu sishoni, nikishona sijibu, na asiyejibiwa anakwenda kunisema mbele ya watu kwenye ukurasa wangu.

Bebing, yule fundi wangu mwenye maneno, anataka niajiri msaidizi wa mtandaoni. Unawajua, wale wanaokaa majumbani kwao wakajibu barua na kupanga maagizo ya tajiri wasiyewahi kumwona. Nusu ya mtaa huu inawafanyia kazi Waaustralia namna hiyo, kwa nini mimi niogope? Lakini naogopa. Mtu unampa ufunguo wa duka lako na hujui hata kama ana miguu miwili. Unaonaje?

Sanduku liko njiani: dawa zako za presha, kahawa, na ile sabuni yako.

Mwanao,
Marivel


Mambajao, 8 Oktoba 2022

Inday, binti yangu,

Marahaba mwanangu, Mungu akuzidishie. Sikio ni lilelile. Jogoo wa jirani linamsikia, simu haliisikii, ndiyo maana mimi ni mtu wa barua mpaka leo, na meli ya usiku inazifikisha kwako kesho yake. Presha inapanda na kushuka kama kawaida yake. Matunda ya lansones yameiva, kisiwa kimejaa wageni, na vidole vyangu vimenata utomvu wa maganda. Nimekuwekea kikapu lakini najua hutakuja, kwa hiyo nimekila.

Habari ya msaidizi nimeisoma mara mbili. Kwa nini utafute mtu usiyemjua na damu yako ipo? Mke wa binamu yako Dodong yupo tu nyumbani. Kompyuta anaijua, aliwahi kukata tiketi za meli pale bandarini. Mgeni atakuibia, akishakuibia hujui pa kumshika. Ndugu akikuibia angalau unajua nyumba yake.

Usifanye kazi na njaa. Ukishona bila kula, sindano inakula kidole.

Mama yako


Cebu, 17 Oktoba 2022

Mama,

Shikamoo, na pole na presha. Mimi sijambo. Leo nina habari.

Kwanza hili la mke wa Dodong. Nikimwajiri yeye nimemwajiri Dodong, watoto wanne, na jogoo wa kupigana wa Dodong. Hapana, Mama. Nikaweka tangazo mtandaoni. Nilipoweka kwa jina langu walijitokeza watatu, na mmoja aliuliza kama mimi ni Mfilipino kweli au natania, maana yeye hafanyii kazi Wafilipino, wanapiga kelele. Bebing akasema, "Tajiri, jiite Helen." Nikajiita Helen. Mjane wa Perth, Australia, anauza wanasesere na nguo zao, anatafuta msaidizi mpole. Mama, siku mbili tu, maombi sitini na moja!

Sasa kaa chini. Ombi la arobaini na tatu limetoka Cagayan de Oro. Mwalimu mstaafu, ana umri wa miaka sitini, mume wake amepooza upande mmoja na hawezi kumwacha peke yake, kwa hiyo anatafuta kazi ya kufanyia nyumbani. Jina: Eufrosina Pacana.

Mama yangu wa ubatizo.

Najua unakumbuka, lakini nitaandika kwa sababu nataka kuliona limeandikwa. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Nilikuwa nafua na kupiga deki nyumbani kwake, enzi hizo bado anakaa Mambajao, ili anisomeshe. Siku ya nane ya novena, zile sala za siku tisa, taji la dhahabu la Mtoto Mtakatifu likatoweka kwenye madhabahu ya sebuleni kwake. Siku ya tisa, majirani wote wamekuja kusali, akanipigisha magoti mbele ya sanamu ile yenye kichwa wazi. "Omba radhi." Nikasema sikuchukua. "Omba radhi." Wewe ulitoka jikoni, mikono imejaa unga, ukaninong'oneza, "Omba tu mwanangu, yaishe." Nikaomba. Hayakuisha. Tangu siku hiyo mimi ni mwizi wa taji la Mungu, Mambajao nzima. Shule ikakoma palepale. Baba naye ndiyo wiki ile anaondoka kwenda Jedda, nani wa kunitetea?

Kikulacho ki nguoni mwako. Aliyenibeba kwenye maji ya ubatizo ndiye aliyenizamisha.

Na leo anaandika, "Bi Helen, nitashukuru sana ukinifikiria." Nimemfikiria, Mama. Miaka ishirini na nne nimemfikiria. Nimempa majaribio mpaka katikati ya Desemba. Kumwajiri sijaamua. Nitaamua nikishashiba.

Mwanao,
Marivel


Mambajao, 19 Oktoba 2022

Mwanangu Marivel,

Marahaba. Mimi mzima, wacha hayo.

Usifanye hivyo. Mwandikie leo hii, mwambie nafasi imejaa. Yaliyopita si ndwele, Inday. Yule ni mwanamke mzee, ana mgonjwa ndani, utapata nini kwake? Na wewe umeshafanikiwa, majoho yako yanavaliwa mpaka Italia, yeye ndiye anayekuomba kazi. Si inatosha? Mungu ameshalipa kwa niaba yako. Ukiongeza lako utaharibu.

Mchukue mke wa Dodong. Mchukue hata na jogoo.

Na kama umeshampa hayo majaribio, basi msiongelee habari za zamani. Usimwulize chochote. Kidonda kikishapona hakichokonolewi. Nakuomba kama mama, sijakuomba kitu siku nyingi.

Mama yako


Cebu, 12 Novemba 2022

Mama,

Shikamoo. Mabega yanauma lakini moyo unacheza. Umeenda kwa daktari wa sikio? Hujaenda.

Kidonda hakijapona, Mama. Ulikifunika wewe, ukasema kimepona.

Ngoja nikusimulie. Mimi kamera yangu nimeizima, nimemwambia mtandao wa Perth ni mbovu. Yeye yake inawaka, naona kila kitu. Nywele amepaka rangi, nyusi amechora kwa kalamu, na amekaa wima kama yuko mstarini anapandisha bendera. Nyuma yake kuna madhabahu. Mama, ni sanamu ileile. Haina taji mpaka leo. Miaka ishirini na nne Mtoto wa watu yuko kichwa wazi! Angeweza kumvika hata la bati. Amemwacha hivyo ili kila anayeingia aulize, naye apate kunitaja.

Basi nikamtafutia kazi inayomfaa. Mimi na Bebing tumemuundia wateja. Kuna Bi Olga wa Toronto, kuna Bwana Fritz, kuna mapacha wa Auckland, wote hawapo duniani na wote wamekasirika. Mwanasesere kafika na mkono umeng'oka, nguo imechuja, sanduku limenuka samaki. Kazi ya Mwalimu Eufrosina ni kuwaandikia barua za kuomba radhi. Kumi kila siku, kwa makosa ambayo hakuyafanya.

Mwanzoni alikuwa anaandika kama ripoti ya shule. Nikamrudishia: "Haitoshi. Sioni majuto." Akaandika upya. Nikamrudishia: "Andika kama mtu aliyepiga magoti." Siku ile alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akaandika. Sasa hivi anaomba radhi vizuri kuliko padri.

Nimeweka pia programu inayopiga picha kioo cha kompyuta yake kila baada ya dakika kumi, hivi ndivyo matajiri wote wanavyofanya. Jumanne picha moja ilinasa sentensi hii: "Bi Helen, kwa heshima zote, kosa hili si langu." Picha iliyofuata sentensi imefutwa. Pameandikwa, "Naomba radhi."

Nilicheka mpaka Bebing akaja kuangalia. Ni tamu, Mama. Nasema kweli mbele ya Mungu, ni tamu. Halafu mchana sikuweza kula, sijui kwa nini.

Mwanao,
Marivel


Mambajao, 3 Desemba 2022

Mwanangu,

Marahaba. Samahani kwa kimya cha wiki tatu. Niliumwa, si sana, kichwa na kukosa usingizi. Mke wa Dodong aliniletea uji wa mchele na tangawizi. Sasa nakwenda misa kila asubuhi, miguu inauma lakini nakwenda.

Barua yako niliisoma, nikaiacha, nikaisoma tena. Kweli hana taji mpaka leo? Kwa nini asinunue jingine, kweli wewe? Watu wanajua kujitesa.

Inatosha sasa, Marivel. Umempiga, ameanguka, ukimpiga tena aliyelala unajipiga mwenyewe ngumi sakafuni. Mwajiri au mfukuze, moja kati ya hayo, lakini maliza.

Nataka kukuuliza kitu, nijibu kwa utulivu. Mtu aliyekukosea vile akija leo mwenyewe, bila kulazimishwa, akasema nimekosa, ungemsamehe?

Mama yako


Cebu, 9 Desemba 2022

Mama,

Shikamoo, na pole. Kwa nini hukuniambia unaumwa? Ningemtuma Dodong akupeleke hospitali, angalau siku moja awe na faida.

Umeuliza ningemsamehe. Nimelifikiria kwa utulivu kama ulivyotaka. Hapana. Nisingemsamehe akija mwenyewe, nisingemsamehe akija na askofu. Mtu aliyekaa na uongo huo juu ya mtoto miaka yote hii, akala, akalala, akaenda kanisani, huyo simtaki hata kaburini pangu. Umenielewa?

Sasa sikiliza kilichotokea, maana nimejikwaa kijinga na siwezi kumlaumu mtu.

Jumatatu Mwalimu aliomba saa mbili za ruhusa. Mwalimu mwenzake amefariki, anataka kwenda kuaga maiti kisha arudi moja kwa moja kazini, asipoteze muda wa Bi Helen. Nami nilikuwa nashona huku naandika, akili iko kwenye joho, nikamjibu: "Nenda, lakini usitoke msibani ukaenda nyumbani moja kwa moja. Pitia kwanza mahali, hata dukani, kaa kidogo. Una mgonjwa ndani, usimpelekee mauti."

Nikatuma! Mjane wa Perth!

Hakujibu mpaka kesho yake. Kisha akaandika hivi, nanukuu: "Nilipita kwenye duka la mikate kama ulivyosema. Bi Helen, nimefundisha watoto maisha yangu yote, na tangu nistaafu nimeambiwa na Waaustralia wa mtandaoni mambo mengi, hili sijawahi kuambiwa na Mwaustralia. Wewe ni wa kwetu. Na mtu wa kwetu anayenirudishia barua mara tatu akitaka nionyeshe majuto, huyo ananijua. Nani wewe?"

Bebing akasema funga kila kitu, kimbia. Nikimbie mimi? Nilikimbia mara moja nikiwa na miaka kumi na tano, sikimbii tena.

Kwa hiyo Jumatatu tarehe kumi na mbili, saa nne asubuhi, nawasha kamera. Na sitakuwa peke yangu. Nimewaandikia wote niliowapata waliosoma pale Mambajao miaka ile, pamoja na wale majirani wa novena ambao bado wako hai. Thelathini na wanne wamekubali kuingia kutazama. Atapiga magoti mbele ya sanamu yake, mbele yao wote, nami nitamwuliza, "Taji lilikwenda wapi?" Atake asitake ataomba radhi kwa mdomo, si kwa karatasi. Halafu nitamwambia majaribio yameisha na hafai kazi.

Ningependa nawe uwepo. Dodong atakuwekea kwenye simu yake, sauti aifungulie yote.

Mwanao,
Marivel


Mambajao, 11 Desemba 2022

Marivel mwanangu,

Leo sikusalimii, sistahili salamu.

Usiwaalike watu. Kama umewaalika, wazuie. Usimpigishe magoti Eufrosina. Usimwulize taji lilikwenda wapi, kwa kuwa hajui. Najua mimi. Nililichukua mimi.

Ile siku ya nane nilikwenda kwake kusaidia kupika wali wa nazi na sukari kwa ajili ya wasali. Wewe ulikuwa nyuma unafua. Wakala wa Jedda alikuwa amemwambia baba yako kwamba nafasi inafungwa Jumamosi, na sisi hatuna kitu, na baba yako amekaa kizingitini siku tatu. Nikapita sebuleni. Taji lilikuwa halijakazwa vizuri. Nilidhani Eufrosina atafikiri ni mmoja wa wageni, nyumba ile ilijaa watu. Haki ya Mungu sikujua kuwa atakushika wewe.

Nilipotoka jikoni na kukuona umepiga magoti, mdomo wangu ulifunguka. Nikawaza, nikisema nafungwa, baba yenu haendi, watoto watakula nini. Nikawaza, huyu ni mtoto, watoto husahau. Ndipo nikakwambia uombe radhi. Huo ndio ukweli wangu wote, hakuna mwingine uliofichwa nyuma yake.

Na taji lilinunua nini? Unajua mwenyewe. Baba yako alituandikia barua nne, ya tano haikuja, akapata mwanamke mwingine huko. Nilimwibia Mungu nikamnunulia mume wangu njia ya kunikimbia.

Eufrosina alikukosea, alikuhukumu bila ushahidi, hilo ni lake. Lakini alikuhukumu kwa sababu nilinyamaza. Nimemwambia padri mara nyingi. Wewe sikuthubutu. Kila ulipoleta sanduku nilisema nitamwambia Krismasi hii, kisha nikafungua, nikaona dawa na sabuni, nikaogopa kuvikosa na kukukosa.

Ulisema hapana ukiwa huniwazii mimi. Niandikie hata tusi.

Mama yako


Mambajao, 18 Desemba 2022

Mwanangu,

Sijambo. Misa za alfajiri za Krismasi zimeanza, nakwenda. Kila siku namwuliza mke wa Dodong aangalie kama kuna barua, anasema hamna.

Amesikia kwa watu kwamba ule mkutano wa Jumatatu uliufuta asubuhi ileile, hukueleza sababu. Asante. Sijui kama nina haki ya kusema asante.

Andika neno moja. Andika "nimesoma".

Mama yako


Mambajao, 27 Desemba 2022

Marivel,

Sanduku la Krismasi limefika. Dawa zipo, kahawa ipo, sabuni ipo, kila kitu kama siku zote. Nilikung'uta kila nguo nikitafuta kadi. Hata jina langu juu ya sanduku limechapwa kwa mashine.

Sikukuu yako inakaribia, najua uko cherehanini asubuhi mpaka jioni. Nakuona jinsi unavyoinama. Sikuombi unisamehe. Sikuombi uje. Niambie tu kama unakula.

Mama yako


Cagayan de Oro, 9 Januari 2023

Bi Nicanora,

Habari za Mambajao. Natumaini presha imetulia na kwamba mvua za mwaka mpya hazijakuletea madhara.

Jina langu unalijua. Kuanzia tarehe mbili Januari nimeajiriwa rasmi kuwa msaidizi wa Bi Marivel, nikifanyia kazi nyumbani kwangu. Shughuli zangu ni kujibu ujumbe wa wateja, kupanga maagizo, kufuatilia masanduku njiani, na kujibu barua zako. Hiyo ya mwisho niliongezewa juzi.

Barua zako tatu za mwisho zimenifikia. Ile ya tarehe kumi na moja alinisomea mwenyewe, Jumatatu ile saa nne, kamera zote mbili zikiwa zinawaka na wageni wake wakiwa wamerudishwa. Aliisoma yote, hakuruka hata neno. Alipomaliza nilipiga magoti. Hakuniamuru. Magoti yangu ni mabovu siku hizi, ilichukua muda, naye alingoja akinitazama. Nilimwambia nimekosa. Hakusema amenisamehe, nami sikumharakisha. Alisema, "Mwalimu, kazi ipo. Unaitaka au huitaki?" Nikasema naitaka.

Nimefundisha miaka thelathini na moja, Bi Nicanora. Nimeadhibu watoto wengi, na mmoja nilimwadhibu kwa kosa lako, wewe umesimama mlangoni unatazama na unga mikononi. Ulinikabidhi mtoto wako ili nimpige badala yako. Nitakwenda na hilo mpaka kwa Mungu, na nakuahidi huko sitakwenda peke yangu. Nilikuwa nimekuandikia barua nyingine kabla ya hii. Mwajiri wangu aliisoma, akasema ni nzuri sana, lakini nitume hii.

Mambo ya utaratibu ni haya. Dawa zako zitakufikia tarehe tano ya kila mwezi bila kukosa. Nimekupangia daktari wa sikio Alhamisi tarehe kumi na tisa saa tatu asubuhi. Dodong atakuja kukuchukua, nimeshaongea naye. Sikukuu ya Mtoto Mtakatifu Bi Marivel hatakuja Mambajao, wala Pasaka. Ukiwa na shida yoyote niandikie mimi. Nitajibu ndani ya siku tatu za kazi. Barua zako nitazisoma mimi, nitazihifadhi mimi. Yeye ameomba asionyeshwe.

Katika barua ya tarehe ishirini na saba uliuliza kama anakula. Hilo sijaruhusiwa kukujibu.

Eufrosina Pacana
Msaidizi wa Bi Marivel